Kufunga na Kupoza: Istilahi za Makasha ya Vyombo vya Elektroniki

Kijitabu cha maelekezo kinachofuatana na mtambo ni maandishi yanayofasiriwa kwa haraka na kuhakikiwa kwa nadra. Mfasiri hupewa kurasa chache, aghalabu bila kuuona mtambo wenyewe, na akisha kuzirudisha hajui zimesomwa na nani wala zimefuatwa vipi. Hata hivyo makosa ya maandishi ya namna hiyo hayabaki katika karatasi. Katika makala haya tumekusudia kueleza eneo moja dogo la ufundi, yaani namna ya kuvikinga na kuvipoza vyombo vya elektroniki vilivyofungiwa ndani ya makasha mahali pa kazi, na kuyapima maneno ya Kiswahili yanayotumika, au yanayofaa kutumika, katika eneo hilo.

Tuchukue sentensi moja ya aina inayokutwa katika vijitabu hivyo: "Hakikisha sanduku limefungwa vizuri na linapitisha hewa ya kutosha." Kisarufi sentensi hii haina dosari. Kiufundi ni amri mbili zinazopingana, maana kilichofungwa vizuri hakipitishi hewa, na kinachopitisha hewa hakikufungwa. Fundi mtiifu atakayeisoma ataifuata ile amri anayoielewa zaidi: atachukua keekee na kutoboa matundu ubavuni mwa sanduku. Mwandishi wa asili alitaka mlango ufungwe, na nafasi iachwe kuzunguka sanduku ili hewa ya nje ipite na kuchukua joto la kuta zake. Lililopotea katika tafsiri ni neno moja, "kuzunguka". Matokeo yake ni vumbi, mdudu na maji ya mvua kupata njia ya kuingia penye umeme.

Ili tusizungumze hewani, tumeonelea tuyapime maneno haya katika mahali maalumu: Heru Juu, wilayani Kasulu, na nyanda za juu za Kigoma zinazoendelea kaskazini hadi Kibondo. Kwa miaka mingi mkoa huu haukuunganishwa na gridi ya taifa. Miji yake ya wilaya ilipata umeme wa majenereta ya dizeli. Mwaka 2022 umeme wa gridi uliingia mkoani kutoka Nyakanazi, mkoani Kagera. Umeme ukifika, vyombo vinavyoutawala hufuata: viwashio vya mota za mashine za kusaga, vidhibiti vya pampu za maji, vigeuzi vya umeme wa jua katika shule na zahanati, na makabati yaliyo chini ya minara ya simu vileleni. Vyote hivyo vina elektroniki ndani. Na hali ya nchi ile ni mtihani wa kweli kwa kasha lolote: kiangazi huleta vumbi la udongo mwekundu, laini kama unga, masika huleta mvua nyingi na ukungu, usiku huwa na baridi, na mtaalamu aliyeutengeneza mtambo yuko mbali sana. Aliye karibu ni fundi wa kijiji, na kijitabu chake.

Kabla ya kwenda mbele hatuna budi kusimama kwenye neno kupoza, kwa sababu gridi ya taifa yenyewe imekuja nalo. Magazeti na taarifa za serikali huita mahali ambapo msongo mkubwa wa umeme hupunguzwa "kituo cha kupoza umeme", na wengine huandika "kituo cha kupooza umeme". Tuanze na tahajia. Kupooza, katika matumizi ya leo, ni kulemaa kiungo. Umeme uliopooza ungekuwa umeme usiofanya kazi, jambo ambalo hakuna kituo kilichojengewa. Lakini hata kupoza, lililo sahihi kwa tahajia, hapa ni sitiari. Kituo hakipunguzi joto la umeme. Kinapunguza msongo wake, kwa mfano kutoka kilovoti 220 hadi kilovoti 33. Sitiari ni nzuri, nasi hatudhani kwamba kuna atakayeweza kuiondoa midomoni mwa watu. Taabu huanza pale sitiari na maana ya asili zinapokutana katika ukurasa mmoja. Transfoma ya kituo hicho hupata joto ikifanya kazi, nayo hupozwa kwa mafuta na mapezi ya chuma. Basi mfasiri hujikuta ameandika kwamba transfoma ya kupoza ina mafuta ya kupozea, na msomaji hana njia ya kujua kwamba kupoza kwa kwanza ni kwa volti na kwa pili ni kwa sentigredi.

Pendekezo letu ni hili. Jina la kituo libaki kama watu walivyolizoea, kwa tahajia ya kupoza. Lakini ndani ya maandishi ya kiufundi, volti zishushwe na joto lipozwe: tuandike kushusha msongo kwa lile la kwanza, na kupoza, pamoja na kinachopozwa, kwa lile la pili. Faida ya kushusha ni kwamba lina kinyume chake, kupandisha, na vituo vya kupandisha msongo vipo pia. Kuviita navyo vya kupoza ni kusema uongo.

Sasa tuje kwenye kasha. Mafundi wengi husema boksi, na neno hilo halina ubaya karakanani. Wafasiri huandika sanduku, kabati, kasha, na wakati mwingine kifuniko, kana kwamba yote ni mamoja. Kifuniko ni sehemu tu, na kukitumia kwa kitu kizima ni kosa. Sanduku hutukumbusha nguo na safari. Kabati ni kubwa, husimama sakafuni na huwa na mlango. Linafaa kwa yale makabati ya minara ya simu. Kwa jina la jumla tunapendelea kasha, kwa kuwa tangu zamani ni neno la kitu chenye kuta imara, kilichotengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi kilichomo. Kazi ya kasha ni mbili, na mfasiri asiisahau ya pili: kukikinga chombo na mazingira, na kumkinga mtu na umeme uliomo.

Kazi hizo mbili zimepewa vipimo. Tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, yenye makao yake Geneva, ilitoa mwaka 1976 kiwango kinachoainisha ukingaji wa makasha kwa herufi IP na tarakimu mbili. Leo kiwango hicho kinajulikana kwa namba 60529. Tarakimu ya kwanza, kutoka 0 hadi 6, huhusu vitu vigumu. Ikiwa ni 2, kidole cha mtu hakiwezi kugusa sehemu yenye umeme. Ikiwa ni 4, hata waya wenye unene wa milimeta 1 haupiti. Kisha huja vumbi, na hapa ndipo tafsiri nyingi huteleza. Kwa tarakimu 5, vumbi kidogo laweza kuingia, ila si kwa kiasi cha kuharibu kazi ya chombo. Kwa tarakimu 6, vumbi haliingii kabisa. Mfasiri akiandika "kisichopitisha vumbi" kwa zote mbili, amefuta tofauti ambayo mnunuzi ameilipia. Tunapendekeza kinachozuia vumbi kwa ile ya 5, na kisichoingia vumbi kwa ile ya 6. Mwenye mashine ya kusaga mahindi atatuelewa upesi: unga unaoelea katika chumba cha mashine hutanda juu ya kila kitu kama blanketi, hunyonya unyevu, na ukiwa mwingi hewani huweza hata kushika moto kwa cheche moja.

Tarakimu ya pili huhusu maji, na hapa Kiswahili ni tajiri kuliko wafasiri wake. Huandikwa "kisichopitisha maji" kila mahali, ilhali kiwango hutofautisha maji yanayodondoka (1 na 2), yanayonyunyiza (3), yanayorushwa kutoka kila upande (4), yanayofoka kwa nguvu kutoka mdomo wa mpira (5 na 6), na kasha kuzamishwa majini (7 na 8). Ipo pia 9, ya maji ya moto yanayofoka kwa msukumo mkubwa sana. Vitenzi vyote hivyo tunavyo: kudondoka, kunyunyiza, kurusha, kufoka, kuzama. Hakuna sababu ya kuvitupa vyote katika kapu la "kutopitisha". Tena hapa pana mtego wa pekee. Mtu hudhani kwamba namba kubwa humeza ndogo, lakini kasha lililojaribiwa kwa maji yanayofoka halikujaribiwa kwa kuzama. Lenye 6 laweza kujaa maji likiwekwa katika shimo la pampu linalofurika wakati wa masika, na aliyelinunua kwa karatasi iliyosema "lisilopitisha maji" hana la kumdai muuzaji.

Kufunga tumekueleza, joto je? Kila chombo cha elektroniki hugeuza sehemu ya umeme wake kuwa joto, na kasha lililofungwa vema huliweka joto hilo ndani kama chungu kilichofunikwa. Njia pekee ya kutoka ni kupitia kuta. Hesabu yake si ngumu. Ukuta wa bati la chuma lililopakwa rangi hupitisha takriban wati 5.5 kwa kila meta moja ya mraba, kwa kila tofauti ya sentigredi 1 kati ya ndani na nje. Kasha lenye meta 2 za mraba za kuta zilizo wazi kwa hewa hupitisha basi wati 11 kwa kila sentigredi. Vyombo vilivyomo vikitoa joto la wati 300, ndani kutapanda kwa sentigredi 27 hivi kupita nje. Nje kukiwa na 28, ndani ni 55. Na hiyo ni kivulini. Kasha lililopigiliwa ukutani pande zote, au lililorundikiwa magunia, limepoteza kuta zake, na ndiyo maana lile neno "kuzunguka" tulilolitaja mwanzo lilikuwa na thamani kubwa. Mafundi hukadiria kwamba kila sentigredi 10 zinazoongezeka hupunguza kwa nusu umri wa kapasita zenye kimiminiko ndani, ambazo aghalabu ndizo hufa kwanza.

Mtu wa Heru Juu halihitaji somo refu la jambo hili, kwa maana kihenge cha nafaka kinakabili shauri lilelile. Nafaka ikifungiwa mno, huoza. Ikiachwa wazi, hulowa na kuliwa na panya. Jibu la wajenzi ni kuinua kihenge juu ya ardhi, kusuka kuta zinazopumua, na kutokeza paa ili mvua isifike ukutani. Kasha la elektroniki nalo hunufaika na paa dogo la kulikinga na jua na mvua. Tofauti ni kwamba kuta zake haziruhusiwi kupumua ovyo, kwa hiyo ufundi umetafuta njia nyingine.

Njia iliyo rahisi ni feni yenye chujio. Hewa ya nje huingizwa chini, hupita katika chujio, na hutokea juu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Feni ni neno lililokwisha kukubalika. Pangaboi tuliachie lile la darini. Chujio la hewa latosha, wala hatuoni haja ya filta katika maandishi rasmi, ingawa dukani ndilo litakalokuelewesha. Lakini vijitabu huandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, na hili halifasiriki kwa kamusi. Penye kimo cha meta 1,500 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 14, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Feni inayotosha Tanga haitoshi kwenye vilima vya Kasulu. Mfasiri akikuta tanbihi ndogo kuhusu kimo cha mahali, asiiache kwa kudhani ni pambo. Kadhalika chujio lisilosafishwa wakati wa vumbi huziba, na feni huzunguka bure. Hapo ndipo watu hufungua mlango "ipoe", na kasha lililonunuliwa kwa bei kubwa hugeuka rafu.

Pale hewa ya nje isipofaa kuingia kabisa, hutumika chombo ambacho hewa ya ndani na ya nje hupita pande mbili za kuta nyembamba bila kukutana, joto likivuka kutoka moja hadi nyingine. Kimeitwa "kibadilisha joto". Hatulipendi jina hilo, kwa sababu hakuna kinachobadilika. Joto ni lilelile, limehama. Wengine, kwa kuliona hilo, wameandika kihamisha joto, na kimantiki wako sahihi. Ila tayari tuna kihami, chenye maana ya kitu kinachozuia joto au umeme usipite. Kihami joto na kihamisha joto, vikisomwa kwa haraka katika karakana yenye kelele, ni maneno mawili ya maana zinazopingana yaliyotengwa na silabi moja. Tunapendekeza kipokeza joto, kwa mfano wa wakimbiaji wanaopokezana kijiti: kijiti huvuka, wakimbiaji hubaki kila mmoja na mwendo wake. Chombo hiki kina mpaka wake, nao hauna budi kuandikwa wazi: hakiwezi kuifanya ndani iwe na baridi kuliko nje. Anayetaka hivyo anahitaji kiyoyozi cha kasha, na kiyoyozi ni neno lililokwisha kushinda, halina haja ya mjadala.

Kuhusu mapezi yaliyogandishwa juu ya vipande vinavyotoa joto, neno ni lilelile la samaki, nalo linajulikana kwa kila mwenye pikipiki aliyetazama injini yake. Kazi ya pezi ni kuongeza eneo linalogusana na hewa, basi. Likijaa unga au tope, si pezi tena.

Liko jambo moja ambalo huwatatiza wafasiri hodari. Katikati ya sura ya kupoza, hutokea ghafula maelezo ya kifaa cha kupasha joto ndani ya kasha. Mfasiri hudhani ni kosa la chapa, na kwa nia njema hulisahihisha. Si kosa. Mchana kasha hupata joto, hewa ya ndani hutanuka na sehemu yake hutoka kwa upenyo wa gasketi. Usiku wa baridi hewa iliyobaki husinyaa, na kasha huvuta hewa ya nje, yenye unyevu. Unyevu ule hugeuka matone juu ya chuma baridi. Siku baada ya siku maji hukusanyika ndani ya kasha ambalo hakuna mvua iliyowahi kuligusa, na mwenye mtambo hulaumu paa. Kifaa kidogo cha kupasha huwashwa usiku, au mtambo unapozimwa, ili kuta za ndani zisifikie baridi ya kutonesha. Tunapendekeza jambo hili liitwe umande wa ndani. Watu wa nyanda za juu wanaoukanyaga umande kila alfajiri hawatauliza maana yake. Na kifaa kiitwe kizuia umande badala ya "hita", ili kazi yake ionekane katika jina, na yule mfasiri mwenye nia njema asikifute.

Tukishuka kutoka Kasulu kuelekea kusini tunafika Uvinza, karibu na makutano ya mito ya Ruchugi na Malagarasi, ambako chumvi imechemshwa kutokana na maji ya chemchemi kwa zaidi ya miaka 1,000. Hapo maneno yetu hupata mtihani mgumu zaidi. Mvuke wa maji ya chumvi hupita katika chujio la vumbi bila kizuizi, chumvi hukaa juu ya saketi, hunyonya unyevu wa hewa, na kufanya njia ya umeme mahali pasipotakiwa njia. Feni yenye chujio, iliyo jibu jema kwa mashine ya kusaga, mahali pa namna hiyo ni kuingiza adui kwa mkono wako mwenyewe. Kasha lifungwe kabisa na joto litolewe kwa kipokeza joto. Tena hapo neno kutu halitoshi. Kutu ni ya chuma. Shaba ya nyaya haipati kutu kwa maana hiyo, bali huliwa. Ulikaji, kutokana na kulika, huchukua madini yote, nalo ndilo tunalolishauri.

Kwa watumishi wanaoandaa karatasi za zabuni, maneno haya yana matumizi ya moja kwa moja. Badala ya kuandika "sanduku imara lisilopitisha vumbi na maji, lenye kupitisha hewa ya kutosha", ambalo muuzaji yeyote anaweza kudai kuwa analo, waweza kuandika hivi: "Kasha liwe lisiloingia vumbi na lenye kustahimili maji yanayofoka kutoka upande wowote, daraja IP65. Joto la ndani lisizidi sentigredi 45 wakati nje ni sentigredi 32, mahali penye kimo cha meta 1,500. Kupoza kusihitaji kufungua mlango wala kutoboa ukuta. Liwe na kizuia umande." Ni maneno machache kuliko wengi wanavyodhani, na kila moja linapimika.

Limebaki tundu moja ambalo lazima liwepo, la waya kuingilia. Huzibwa kwa shingo yenye parafujo na pete ya mpira inayoubana waya pande zote. Ikikosekana, ile daraja iliyochapwa ubavuni mwa kasha haina maana. Vijitabu vya Kiswahili huiita "kishikio", neno linalomfanya fundi adhani kazi yake ni kuzuia waya usivutwe tu, na hivyo kutosheka na kipande cha waya kilichosokotwa. Sisi tungeiita kikaba, kutokana na kukaba, maana ndicho kinachofanya: hukaba koo la tundu hadi pasipite hata pumzi.